Mwongozo kamili: venye unaandika "ingekuwaje kama" ya bingwa wa rali kuingia timu ndogo, bila kuharibu stori

Kila Safari Rally ikikaribia huku Nairobi kuna mjadala lazima utokee. Mmekaa kibandani, chai na mandazi, alafu mmoja anaanza, "lakini kama McRae angepewa gari ya maana miaka yake ya mwisho..." na hapo siku imeisha. Kila mtu ako na yake. Mmoja anampeleka bingwa wa rali Ogier kwa timu ya gereji ya mtaani na anashinda kila rali kwa dakika tano, mwingine anamfufua Joginder Singh, mshindi wa Safari wa zamani, na kumkalisha kwa gari ya haibridi. Ni tamu kusikiza lakini ukirudi nyumbani uiandike inakufa paragrafu ya pili, juu haina uzito, hakuna kitu kinagharimu mtu yeyote chochote.

Nimeandika hizi vitu kadhaa, nyingi mbaya, na hii ndio njia nimebaki nayo. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho ndio uone inafanya kazi wapi na inakataa wapi.

Hatua ya 1: tafuta ufa, usivunje ukuta

Wengi wanaanza hivi: bingwa anaamka asubuhi, anaamua kwenda timu ndogo. Sasa kwa nini? Bingwa ako na mkataba, ako na meneja, ako na akili timamu, hakuna mtu anashuka kwa gari ya kushinda apande ya kusukuma hivi hivi tu. Usianze na uamuzi. Anza na mahali historia yenyewe ilikuwa imeshaanza kupinda, ikakosa kidogo tu.

Mfano wangu ni Colin McRae. Bingwa wa dunia 1995 na Subaru, na hapa Kenya hatuwezi kumsahau juu alishinda Safari mara tatu, 1997 na Subaru, 1999 na 2002 na Ford Focus. Ile ya Julai 2002 ilikuwa ushindi wake wa 25 wa WRC (ubingwa wa dunia wa rali) na wa mwisho, na pia ndio ilikuwa Safari ya mwisho kwa ratiba ya WRC hadi iliporudi Juni 2021. Baada ya hapo akaenda Citroën 2003, sheria ya idadi ya madereva kwa timu ikabadilika, timu ikabaki na madereva Sébastien Loeb na Carlos Sainz, yeye akabaki nje. Akaenda zake Dakar na Nissan.

Alafu mwisho wa 2005 Skoda wakampa Fabia WRC kwa rali mbili. Skoda kwa WRC wakati huo ilikuwa timu ya nyuma, hata mashabiki wao walikuwa wanaomba tu gari ifike. Wales akamaliza wa saba, pointi 2. Kisha Australia, Novemba 2005, rali ya kufunga msimu. Loeb akatoka nje. Petter Solberg akagonga kangaruu (sijabuni, aligonga kangaruu). Na McRae na hio Fabia wakajikuta wanapigania podiamu rali ikielekea ukingoni. Gari ikaingia servisi, mafundi wakashika kubadilisha klachi, kazi ikazidi muda ulioruhusiwa. Kwisha. François Duval akashinda na McRae akaenda nyumbani bila kitu.

Umeona huo ufa? Ni klachi, hakuna bosi hapo amebadilisha roho, hakuna tajiri ameshuka na masanduku ya pesa. Dakika chache tu za spana. Ukipata ufa mdogo hivi, shikilia hapo hapo.

Hatua ya 2: enda ushike hio kitu kwa mkono

Hii hatua watu wanaruka na ndio imeniokoa zaidi. Nilikuwa nimeandika "mafundi wakabadilisha klachi haraka" nikaona imekaa kama ripoti ya polisi. Kwa hivyo Jumamosi moja nikaenda pale Kirinyaga Road kwa fundi ananijua, nikakaa juu ya ndoo ya rangi nikimwangalia akishusha giaboksi ya Probox.

Nilifika saa sita. Kwanza oili inamwagwa kwa karai, alafu magurudumu ya mbele yanatoka, shafti zinachomolewa, stata inafunguliwa, maunti, nyaya, na kijana wake ako chini na jeki anapokea giaboksi kifuani karibu imlalie. Klachi ya zamani ikatoka imeungua rangi ya zambarau, inanuka kama sufuria imesahauliwa jikoni. Mpaka hapo ni kazi ya nguvu tu. Shida ilianza kurudisha. Ile diski mpya lazima ikae katikati kabisa ndio shafti ya giaboksi ipate kuingia kwa meno yake, na macho hayawezi kukuambia kama imekaa. Fundi alitumia kipande cha mti alichochonga mwenyewe, akaingiza, akazungusha, akasema iko sawa. Giaboksi ikainuliwa. Ikaingia nusu, ikakataa. Ikashushwa. Ikainuliwa tena. Mara ya tatu kijana akaitikisa kidogo tu kushoto, ikalia "klok" ikaingia kama haijawahi kusumbua. Hio "klok" ndio stori yangu yote.

Mafundi wa WRC nao wanabadilisha giaboksi nzima ndani ya servisi moja, wako na vifaa na wamefanya mazoezi mpaka wanaota. Lakini diski ni diski. Sijui ni nini hasa kilichelewesha ile siku ya Australia na kwa stori sihitaji, nachagua: kwa upande wa kweli giaboksi imekataa mara tatu, kwa upande wangu imelia "klok" mara ya kwanza. Na saa inatembea juu kwa rali kila dakika ya kuchelewa kwa kituo cha muda ni sekunde 10 za penalti, na ukipita kikomo umetolewa. Gari inatoka imechelewa dakika moja. Unaona nimempa McRae bahati lakini bado nimemkata sekunde 10. Usimpe mtu zawadi nzima.

Hatua ya 3: daftari la kurasa mbili

Kushoto andika ile ilitokea kweli, kulia ile yako. Kushoto unajaza kwanza mpaka mwisho kabla ujaandika neno moja kulia. Inachosha, najua. Ila bila hii utaweka dereva kwa rali ambayo alikuwa hospitali.

Kwa mfano kushoto kwangu: mwisho wa 2005 timu nyingi ziliondoka kwa wakati mmoja. Peugeot, Citroën ya kiwanda, Mitsubishi, na Skoda ya kiwanda pia. Hapo karibu nitupe kalamu, juu McRae angeingia timu gani kama timu yenyewe imefungwa? Nikaendelea kusoma nikapata kumbe Fabia hazikuenda kuoza. 2006 kulikuwa na Red Bull Skoda, timu ya nje inayoendesha magari yale yale. Kwa hivyo sihitaji kushawishi kiwanda chochote kule Mladá Boleslav, mji wa Skoda. Podiamu ya Australia inatosha mtu wa sponsa aseme "huyu mzee wa miaka 37 bado yuko, mpeni msimu". Hapo ufa umefungua mlango wa pili bila mimi kusukuma.

Hatua ya 4: pima timu ndogo kwa ile imeshatokea

Kabla ujaamua bingwa atafanya nini na gari mbaya, angalia mabingwa wa kweli waliofanya hivyo.

Damon Hill, bingwa wa F1 1996, alitemwa na Williams akaenda Arrows 1997, timu ambayo haikuwahi kushinda hata mbio moja maisha yake yote. Mbio nyingi mwaka huo alikuwa anahangaika katikati ya watu, lakini Hungary akaanza wa tatu, akampita Schumacher, akaongoza karibu mbio yote mpaka haidroliki ikaleta shida mwishoni na Villeneuve akampita mzunguko wa mwisho. Kwa nini Hungary? Tairi. Arrows walikuwa na Bridgestone na siku hio ya joto Goodyear za wengine zilikuwa zinachubuka. Kulikuwa na sababu.

Emerson Fittipaldi, bingwa mara mbili, 1972 na 1974, aliacha McLaren akaenda timu ya kakake. Misimu mitano, ushindi sufuri, kubwa kabisa ni namba mbili nyumbani Brazil 1978. Hapo mapenzi ya ndugu yalishindwa na gari.

Na Sébastien Ogier sasa. Volkswagen walijitoa mwisho wa 2016, yeye bingwa mara nne hana kiti, akaenda M-Sport, timu ya binafsi ya Uingereza, akashinda Monte Carlo mara ya kwanza tu na ubingwa 2017 na tena 2018. Watu wanasema muujiza. Lakini 2017 sheria za magari zilibadilika, kila timu ilianza na gari mpya, na ule ubingwa wa 2017 aliuchukua na rali mbili tu za kushinda, zingine ni kuokota pointi kama kuku anavyookota mtama.

Kwa hivyo swali si "bingwa ni mzuri aje", ni "siku gani gari mbaya haitakuwa mbaya sana?" Kwa Skoda jibu linajulikana hata hapa kwetu. Safari ya 2001, Armin Schwarz alimaliza wa tatu na Octavia WRC, kitu kizito kama kabati, juu njia ilikuwa mbaya vya kutosha kuwavunja wenye kasi. Skoda inapenda njia mbaya. Sasa nenda kwa ratiba ya 2006 utafute njia mbaya. Safari haiko. Nitarudi kwa hio, inauma. Njia mbaya moja iliyobaki ni Acropolis, Ugiriki, mawe na joto. Na nani alishinda Acropolis 1996, 1998, 2000, 2001 na 2002? McRae. Mara tano.

Hapo nilisimama nikazunguka nyumba.

Hatua ya 5: bingwa abaki na ubaya wake

Fupi hii. Usimsafishe mtu. McRae alikuwa anavunja magari, ndio maana tulimpenda. 2001 alienda Wales akiongoza ubingwa akabingirisha gari mapema, Richard Burns akachukua kwa pointi 2. Hata hapa, 1993, kabla hajakuwa bingwa, Subaru walimleta Safari na Vivio, kagari ka 660cc kama kibanda cha mpesa kimewekwa magurudumu, akaenda nako mbio za ajabu mpaka kakamkatalia njiani. Patrick Njiru wetu alikuwa na Vivio hio hio, akaileta nyumbani, nafasi ya 12 na akashinda daraja lake. Ukitaka kuelewa McRae angefanya nini na Skoda msimu mzima angalia hapo. Kwa daftari langu 2006 nimemwangusha nje kwa zaidi ya nusu ya rali, na nikaona hio ni huruma.

Hatua ya 6: fanya hesabu, hapa ndio utamu uko

Pointi za 2006 zilikuwa 10, 8, 6, 5, 4, 3, 2, 1 kwa wanane wa kwanza. Loeb alimaliza na 112. Marcus Grönholm wa Ford 111. Pointi moja tu! Na Loeb hata hakuendesha rali nne za mwisho, aliumia mkono kwa baiskeli Septemba akashinda ubingwa akiwa nyumbani.

Sasa zile 112 zimetoka wapi: rali nane za kushinda, hio ni 80, na nne za namba mbili, 32. Zile nne ni Monte Carlo, Sweden, Acropolis na Finland, zote nyuma ya Grönholm. Soma tena. Acropolis, Grönholm wa kwanza, Loeb wa pili.

Weka McRae kati yao. Hahitaji kushinda, hahitaji kumsumbua Grönholm hata kidogo, amalize tu wa pili mara moja mwaka mzima, kwa rali aliyoshinda mara tano, na gari inayopenda mawe. Loeb anashuka wa tatu, anapata 6 badala ya 8. Anamaliza mwaka na 110. Grönholm 111.

Klachi ya Australia imebadilisha bingwa wa dunia, na bingwa mwenyewe si hata yule dereva wetu. Mimi nilianza nikitaka McRae ashinde kitu, daftari likaniambia hapana, atakayeshinda ni Grönholm, McRae ni mtu wa kusimama tu katikati ya mlango. Stori ilikuwa bora mara kumi. Kama hesabu yako inakupa kile kile ulitaka tangu mwanzo basi labda umeilazimisha, rudia.

Lakini usikimbilie kusherehekea. Baada ya Australia ya 2006 Grönholm alikuwa na 91, zimebaki rali mbili, New Zealand na Wales. Hata akishinda zote ni 111, haifiki 112, ndio maana Loeb alikuwa bingwa tayari. Kwa dunia yetu Loeb ako na 110. Kwa hivyo Grönholm lazima ashinde zote mbili, hakuna nafasi ya namba mbili juu 8 haitoshi. Na kwa ukweli alishinda zote mbili! Ila, na hii ila ni kubwa, alizishinda bila presha, ubingwa ulikuwa umeshaenda. Je, mtu huyo huyo msituni Wales mwezi wa Desemba, akijua akiteleza mara moja basi, angeendesha vile vile? Usinijibu haraka. Hii ndio inaitwa kunakili ukweli kwa upande wa kulia bila kuuliza, na ni wizi. Kila tokeo unalobeba kutoka kushoto kwenda kulia lazima uliulize kama bado lina miguu.

Hatua ya 7: mawimbi matatu, alafu simama

Ukirusha jiwe kwa maji mawimbi ni mengi, wewe hesabu matatu. La kwanza, Turkey Oktoba 2006: Loeb ameumia, na kwa ukweli timu yake ya Kronos ilimwita nani akae kwa kiti chake? McRae. Ilikuwa rali yake ya mwisho ya WRC. Kwa dunia yetu ako na kazi Skoda, hawezi kukaa magari mawili, kwa hivyo Kronos watafute mtu. La pili, Loeb alichukua ubingwa tisa mfululizo, 2004 mpaka 2012. Sasa mnyororo umekatika 2006, anabaki na nane na hakuna mtu anamwita bingwa wa tisa mfululizo. La tatu, Grönholm anakuwa bingwa mara tatu, 2000, 2002 na 2006, na labda anastaafu mwaka mmoja mapema, kiti cha Ford kinakuwa wazi.

Mimi ningesimama hapo. Juu wimbi la nne linaenda 2007, na Septemba 2007 McRae alikufa kwa ajali ya helikopta, na hakuwa peke yake, mtoto wake alikuwa ndani. Nimeona watu wanaandika stori ya kumwokoa. Najua inatoka kwa roho safi lakini kuna familia inaishi na hio siku, na wewe unaitumia kama kona ya kufunga sura. Malizia stori Desemba 2006, wote wako hai, injini zinanguruma.

Hatua ya 8: zuia mkono wako kuhusu Safari

Nilisema nitarudi. Kama wewe ni mtu wa Nairobi utataka kuleta kila kitu nyumbani. Mimi nilikuwa nimeshaandika kurasa nne za Fabia ikipita vumbi la Kedong, wamama wakipunga leso, watoto na magari yao ya waya yenye namba ya McRae ubavuni. Kurasa tamu sana. Nikazikata. 2006 Safari ilikuwa ubingwa wa Afrika, haikuwa WRC, na kuirudisha ningehitaji kubadilisha barabara, pesa, serikali na FIA (wasimamizi wa mbio za magari duniani), yaani ukuta wote na si ufa. Kitu kimoja tu ndio unaruhusiwa kubadilisha. Vingine vinatokana na hicho ama havipo.

Ile ya Safari iandike kivyake na ufa wake. Ziko nyingi. 1973 Shekhar Mehta na Harry Källström walimaliza na pointi sawa kabisa za makosa, ikabidi waangalie nani alienda mbali zaidi kabla ya kosa la kwanza. Ama 2021, Thierry Neuville anaongoza mpaka asubuhi ya Jumapili alafu shoka (shock absorber) ya nyuma inamwacha, Ogier anashinda. Ufa kama huo uko hapo Naivasha, unaenda na matatu unarudi jioni.

Hatua ya 9: sasa andika, lakini si kutoka kwa usukani

Usiingie kichwani mwa mtu wa kweli umpe maneno ya kusema. Hujui alikuwa anafikiri nini. Tafuta mtu mdogo pembeni, wa kubuni, asiye na jina hata, na umwache yeye aone. Hii ilikuwa yangu ya kwanza:

"McRae aliingia kwenye gari akiwa na moto machoni. Alijua leo ni siku ya historia. Mafundi walifanya kazi kwa kasi ya ajabu na gari ikatoka."

Mbaya kabisa, moto machoni unaona aje na helmeti? Baada ya ile Jumamosi ya Kirinyaga Road ikawa hivi:

"Giaboksi iko hewani na mimi niko chini yake. Diski nimeiweka mimi kwa hivyo ikikataa ni mimi. Mtu anasoma dakika kwa sauti, sitaki kusikia, jasho limeingia jicho la kushoto na mikono yote imeshika. Naisukuma. Inaenda nusu. Hapo ndio inakataaga. Naitikisa kushoto, kidogo, kama mtu anaamsha mtoto, na inalia. Hakuna anayepiga kelele. Wa juu anaanza kufunga bolti na mimi bado nimeishika ingawa haihitaji kushikwa tena. Miguu ya dereva imesimama kando ya gurudumu, haijasonga tangu tuanze."

McRae pale ni miguu miwili na viatu. Inatosha, msomaji anajua ni nani. Maneno pia tumia ya watu wa kazi: servisi, shoka, navigeta, pesnoti (maelezo ya kona ambayo navigeta anasomea dereva). Na ukisema steji, kipande cha rali kinachopimwa muda, hakikisha msomaji wa Nairobi hafikirii Railways.

Hatua ya 10: mpelekee mtu asiyependa rali na mtu mmoja anayeijua kupita kiasi

Wa kwanza akuambie alichoka wapi. Wa pili atakuambia ulikosea wapi, na atafurahia sana kukuambia. Wangu aliniuliza swali moja tu, na kwa sababu yake nimeandika mwisho upya mara tatu: "Sasa huyu McRae wako ako Wales Desemba 2006 pia, si ndio?"

Ako. Wales alishinda 1994, 1995 na 1997. Misitu ile anaijua gizani. Grönholm lazima ashinde na si vinginevyo, na yule mtu aliyempa nafasi kule Acropolis yuko kwa orodha ya kuanza, na Skoda, kwa matope, mbele ya watu wake, na hajawahi maisha yake yote kupunguza mwendo ndio mwingine apate ubingwa.

Kwa toleo nililo nalo saa hii ni steji ya mwisho, McRae ako nyuma kwa sekunde nne, na yule kijana wa klachi amesimama servisi na redio sikioni, bado sijaamua.